Kupiga picha za Lamu inayobadilika: bandari, mikoko na mashamba yaliyohamwa

Picha moja ya kreni za bandari ya Lamu pale Kililana inaonyesha kwamba kreni zipo, basi. Haisemi palikuwa na nini kabla yake, mikoko ilifika wapi, wala mvuvi wa Faza alipita njia gani kabla ya kilindi kuchimbwa. Anayetaka picha zake zimfae wakili, mzee wa kijiji, au mtafiti atakayezifungua baada ya miaka 30, lazima apige kutoka mahali pale pale, maji yakiwa kimo kile kile, arudie, na aandike alivyofanya. Hayo ndiyo tunayoeleza hapa kwa mfano wa Lamu, kwa sababu pale ujenzi na mgogoro vimeshikana hadi huwezi kupiga picha ya kimoja ukakiacha kingine.

Tarehe chache kwanza, kwa kuwa ndizo zitakazokuongoza upige wapi. Mradi wa LAPSSET, yaani bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa katika mashambulizi ya mwezi huo, na familia nyingi zikahama mashamba. Mwishoni mwa Julai mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hatimiliki za ekari 500,000 zilizokuwa mikononi mwa makampuni. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba ujenzi wa bandari ulikiuka haki za wakazi, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira (NET) ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, uliopangwa kujengwa Kwasasi. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Kila tarehe hapo ni "kabla" na "baada" ya mahali fulani. Kililana ni picha ya kilichojengwa. Kwasasi ni picha ya kisichojengwa, nayo ni ngumu zaidi. Mashamba ya bara ni picha ya walioondoka. Chagua kimoja uanze nacho. Anayetaka vyote kwa safari moja hurudi na picha za utalii.

Ruhusa kabla ya kamera

Bandari ni eneo linalolindwa kisheria. Sheria ya Siri Rasmi (Sura 187) na Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa (Sura 204) zinatosha kukuweka kituoni ukipiga picha ndani ya ua au ukielekeza lenzi kwenye kambi, kizuizi cha polisi au boti za ulinzi. Manda Bay kuna kambi ya jeshi iliyoshambuliwa tarehe 5 Januari 2020, na tangu hapo hakuna askari anayechukulia lenzi ndefu kama jambo dogo. Ukitaka kuingia bandarini, andikia Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Ukibaki nje, pitia kwa chifu, kwa mkuu wa kituo cha polisi na kwa kamati ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) ya ufuo husika, na utembee na barua yenye muhuri inayotaja siku, vijiji na aina ya picha. Barua ya jumla isiyotaja mahali haisaidii; askari wa zamu anataka kuona jina la mahali alipokukuta.

Droni iache nyumbani. Kuirusha Kenya kunahitaji usajili na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) chini ya kanuni za mwaka 2020, na hapa una bandari, kambi na uwanja wa ndege wa Manda kwa karibu. Picha za kutoka juu utazipata kwa setilaiti bila kumtia mtu hofu.

Zile za Sentinel-2 ni za bure, zinaanzia mwaka 2015, kila pikseli ni mita 10, na setilaiti hupita mahali pale pale takriban kila siku 5. Landsat inarudi nyuma hadi miaka ya 1970, ila kwa undani mdogo zaidi: pikseli za kawaida ni mita 30. Tafuta picha za Januari na Februari, mawingu yakiwa machache. Pakua moja ya kabla ya uchimbaji na moja ya sasa, uzichape, uende nazo. Lakini zina mtego, na mtego wenyewe ni maji.

Maji ndiyo yanayodanganya

Tofauti ya maji kujaa na maji kupwa Lamu wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, hupita mita 3. Ufuo mmoja saa nne asubuhi ni uwanda wa matope na saa kumi jioni ni bahari hadi kwenye majani ya mikoko. Watu wameweka picha mbili za namna hiyo pamoja na kusema bahari imefukiwa. Hakuna kinachowavunjia wavuvi madai yao ya kweli haraka kuliko jozi kama hiyo, kwa sababu wakili wa upande wa pili akifungua jedwali la maji mbele ya mahakama, picha zako zote zinatiliwa shaka pamoja nayo.

Katika pwani hii maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, mambo hugeuka: asubuhi ya saa nne na saa tano ndipo maji yanapokaribia kujaa. Setilaiti ya Sentinel-2 hupita karibu saa tano kasorobo asubuhi. Basi picha yake ya siku ya bamvua itakuonyesha matope matupu, na ya siku ya maji mafu itakuonyesha maji yamejaa. Kabla ya kulinganisha mbili, hesabu mwezi mwandamo wa kila tarehe. Zisipolingana, tafuta nyingine.

Hilo linaleta shida ya mwanga pia. Bamvua likipwa saa nne na nusu jua limeshapanda, mvuke wa joto unatetemesha kila kitu kilicho mbali zaidi ya kilomita moja, na kuta za gati huonekana kama zinaelea. Njia ni kurudi nyuma siku tatu. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku kama tatu kabla ya bamvua kamili, yaani siku ya 12 au 13 ya mwezi mwandamo, na tena ya 27 au 28, yanapwa karibu saa mbili asubuhi. Hayapwi chini kama ya bamvua lenyewe, lakini jua bado liko chini, hewa imetulia, na mizizi ya mikoko inaonekana. Hakikisha saa kamili kwenye jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, kisha muulize nahodha. Pale jedwali na nahodha wanapotofautiana kuhusu mkondo mdogo wa ndani, mfuate nahodha, kwa sababu maji huchelewa kuingia na kutoka kwenye mikono ya mikoko.

Ratiba ya kurudia ikae juu ya mwezi mwandamo, si kalenda ya ofisini. Ukirudi baada ya siku 15 hivi utakuta kimo kinachokaribiana kwa saa inayokaribiana. Ukirudi "kila tarehe 1" utapata maji tofauti kila mara.

Misimu nayo ina lake. Wakati wa kusi bahari inachafuka yenyewe, na mvua za masika hushusha matope ya mto Tana. Maji ya kahawia ya Mei hayathibitishi uchimbaji. Rangi ya maji ilinganishwe kaskazi kwa kaskazi, Januari kwa Januari.

Vifaa

Kamera yoyote yenye kuhifadhi picha ghafi (RAW), lenzi moja ya milimita 35 au 50, tripodi, dira, tepu ya kupimia ya mita 5, rula ya sentimita 30, daftari na penseli. Penseli, kwa kuwa wino hutiririka ukigusana na maji ya chumvi.

Lenzi iwe moja na isibadilike. Lenzi ya milimita 200 huvuta kreni hadi ionekane imeinamia paa za makuti ilhali iko kilomita nyingi nyuma, na lenzi pana huisukuma hadi ipotee. Zote mbili zinatoa hoja ambayo macho ya mtu aliyesimama pale hayaioni. Ukitumia simu, tumia lenzi yake kuu tu, usikuze kwa vidole, na uangalie isije ikabadilisha lenzi yenyewe unapokaribia kitu.

Weka mizani ya rangi (white balance) kwenye alama ya jua au 5500 K. Ukiiachia kamera ichague, itageuza matope ya kahawia kuwa ya kijivu siku yenye mawingu. Kichujio cha kupunguza mng'ao kinafaa sana kuonyesha mpaka wa maji ya matope na maji safi, lakini kinabadilisha rangi ya bahari kadiri unavyokizungusha. Kama ulikitumia mara ya kwanza kitumie daima, na kiandikwe. Ukiwa ufuoni anza na f/8, ISO 100, shata ifuate. Saruji mpya, mchanga na makontena meupe huungua haraka, kwa hiyo pima mwanga kwa sehemu nyeupe na uongeze picha mbili, moja juu kipimo kimoja na moja chini. Ndani ya boti tripodi haina kazi: mtikisiko wa injini hupanda kupitia miguu yake. Mwambie nahodha azime injini, shika kamera mkononi, shata 1/1000 au zaidi.

Chumvi hufuta lenzi taratibu usione. Kitambaa kiloweshwe kwa maji baridi ya kisima au ya chupa kwanza, ndipo kikavu kifuate. Ukianza na kikavu unasugua chembe za chumvi kwenye kioo. Ukitoka chumba chenye kipoza hewa, iache kamera kwenye mfuko uliofungwa nusu saa ipate joto, la sivyo ukungu utaingia ndani ya lenzi ambako hufikii.

Kuweka kituo na kukirudia

Kituo ni mahali ambapo mtu mwingine, miaka kumi baadaye, anaweza kusimama bila wewe. GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 5, zaidi chini ya miti. Kwa kreni ya mbali haidhuru; kwa kisiki kilicho mita 4 mbele yako inaharibu kila kitu.

Mpiga picha wa mahali pengine angechimbia kigingi. Lamu usifanye hivyo. Katika ardhi inayogombaniwa kigingi kipya ni bikoni (alama ya mpaka ya wapimaji), na bikoni ni dai. Utaamsha ugomvi kabla hujapiga picha, na kitang'olewa usiku ule ule. Tumia vilivyopo: kona ya msikiti, mbuyu, ukingo wa kisima, jiwe la matumbawe, mnara wa simu. Pima kwa tepu kutoka vitu viwili visivyohama hadi ncha ya timazi inayoning'inia chini ya tripodi, kisha funganisha alama mbili, ya karibu na ya mbali, kama manahodha wanavyofanya wakiingia mlango wa bahari. Mfano: ukingo wa kushoto wa kisima uguse shina la mnazi wa nyuma. Ukisogea hata nusu hatua pembeni, mpangilio unavunjika, na hapo unajua hujafika. Kimo cha lenzi kiwe sentimita 150 kutoka ardhini, au kingine chochote mradi kimeandikwa. Uelekeo usome kwenye dira, ukiwa umesimama mbali kidogo na tripodi ya chuma.

Unaporudi, au unapofuata picha ya zamani ya mtu mwingine, beba nakala iliyochapwa yenye mistari inayoigawa mraba tisa. Fuata mfuatano huu: kwanza sogea kushoto au kulia hadi kitu cha karibu kifunike sehemu ile ile ya kitu cha mbali. Kisha mbele au nyuma: pima kwa rula, kwenye picha, nafasi kati ya vitu viwili vya karibu na nafasi kati ya viwili vya mbali, na ulinganishe uwiano huo na ule wa kwenye kioo cha kamera. Kimo cha tripodi kiwe cha mwisho. Wanaoanza na kimo huzunguka nusu saa na kuishia kukuza kwa lenzi ili kulazimisha picha zifanane. Haitafanana, zumu hubadilisha fremu tu, haibadilishi mahali uliposimama. Na kama alama ya karibu imeondolewa, kwa mfano mbuyu umeng'olewa kwa barabara, piga bila yake na useme haupo. Kutoweka kwa alama ni sehemu ya habari.

Katika kila kituo piga fremu moja ya mbele kwa uelekeo ulioandikwa, kisha zungushia nyingine hadi ukamilishe duara, kila moja ikiingiliana na jirani yake kwa thuluthi moja. Picha za pembeni zinaonekana hazina kazi leo, ila hakuna ajuaye barabara inayofuata itapita upande gani. Ukitazama bara ukiwa majini au upande wa Manda, asubuhi jua liko mgongoni. Alasiri gati lote linageuka kivuli cheusi. Mwezi Juni jua huchomoza zaidi ya digrii 20 kaskazini ya mashariki kamili, na Desemba kusini yake kwa kiasi hicho hicho, hivyo vivuli vya asubuhi haviwezi kulingana kati ya miezi hiyo.

Mikoko

Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na hapa ndipo mpiga picha anapopaswa kuwa mwangalifu kuliko penginepo, kwa sababu mti uliokufa hausemi aliyeuua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua mikoko Mwache, karibu na Mombasa, kwa kufukia mizizi yake kwa udongo. Ukataji wa boriti ni jambo lingine, na kufukiwa na matope ya uchimbaji ni la tatu.

Kwa hiyo kila picha pana ya mikoko iliyokauka iambatane na nne za karibu. Ya shina: limekatwa kwa shoka au msumeno, au limekauka likiwa wima? Ya mizizi ya kupumulia ya mchu au mlilana, rula ikiwa imesimamishwa kando, ionyeshe imebaki sentimita ngapi juu ya tope. Ya tope lenyewe, baada ya kukatwa kwa panga hadi kina cha kiganja, kuonyesha kama kuna tabaka jipya la rangi nyingine. Na ya miche: ipo, haipo, au imefunikwa. Ingia na mtu wa kijiji ajuaye njia, wakati maji yanapwa na si yanapoanza kujaa, na andika jina la mti kwa Kiswahili cha pale, mkoko, mchu, mlilana, muia, mkandaa, kwani kila mmoja unasimama kimo chake cha maji.

Kisichojengwa, na walioondoka

Kwasasi hutapata mtambo. Utakachotafuta ni alama za ardhi iliyongojewa: bikoni za wapimaji, ua wa senyenge uliokatisha njia ya ng'ombe, ubao wa kusema shamba haliuzwi, mikorosho isiyopaliliwa kwa sababu mwenyewe aliambiwa atahamishwa. Piga bikoni kwa karibu na pia kwa mbali, ionekane imesimama wapi kuhusiana na nyumba na kisima. Namba yake ihifadhi kwenye nakala yako halisi. Kwenye nakala ya kuchapisha ifiche, mpaka mwenye kipande hicho akubali.

Mashamba yaliyohamwa bara ni ya nyakati zaidi ya moja. Yapo ya baada ya 2014, na yapo maganjo ya Wabajuni walioyaacha wakati wa vita vya Shifta miaka ya 1960. Usiyachanganye. Ganjo la zamani hujulikana kwa kisima cha mawe, makaburi, mibuyu na miembe mikubwa ndani ya msitu uliorudi. Shamba la juzi bado lina mistari ya minazi au mikorosho, msingi wa saruji, na mabati yaliyokunjika. Nenda Februari au mwanzoni mwa Machi, vichaka vikiwa vimekauka. Mwanga wa saa kumi na moja jioni, ukija kwa pembeni, huonyesha matuta ya zamani ambayo saa sita hayaonekani kabisa. Lakini saa kumi na moja si saa ya kuwa njiani katika sehemu hizo. Kama ulinzi hauruhusu, tumia mwanga wa saa moja asubuhi na ukubali vivuli vya upande wa pili.

Mabomu ya kutegwa barabarani yameua watu wengi Lamu. Usitoke kwenye njia iliyokanyagwa, usiguse chuma usichokijua, usiingie nyumba tupu hata kama mlango uko wazi, na usiende bila kuuliza kijiji kilicho karibu asubuhi ile ile. Wakikwambia leo hapana, ni hapana.

Watu wakiingia kwenye fremu, wasitambulike bila idhini yao. Jozi ya nguo, boti yenye jina, au mlango uliopakwa rangi unatosha kumfichua aliyetoa ushahidi. Sura kufichwa pekee haitoshi kwenye kijiji cha nyumba 40.

Maelezo na kuhifadhi

Maelezo yaandikwe pale pale, si hotelini. Mfano wa muundo: "Kituo K3. Kimo cha lenzi sm 150, lenzi mm 50, uelekeo digrii 60. Tarehe, saa. Mwezi 13, maji yanapwa, dakika 20 kabla ya kupwa kabisa. Kaskazi, upepo mdogo. Kinachoonekana: mchu wima bila majani, tope sm 12 juu ya alama ya mara iliyopita." Neno "uharibifu" halimo. Andika unachokiona na ulichopima. Aliyekuambia sababu, weka maneno yake kando, ukitaja kuwa ni maneno yake na siku aliyosema.

Jioni nakili kadi mara mbili kwenye diski tofauti, na nakala ya tatu iwe nje ya Lamu. Usifute picha yoyote, hata iliyotikisika, kwa sababu pengo katika namba za faili huzua maswali. Tengeneza alama ya SHA-256 ya kila faili siku hiyo hiyo na uihifadhi mbali na picha; ni namba inayobadilika kabisa faili likiguswa hata kwa pikseli moja. Ikifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka cheti kuhusu kifaa kilichotoa picha na jinsi kilivyotumika, basi andika modeli na namba ya kamera tangu siku ya kwanza. Nakala za kusambaza ziondolewe GPS. Za asili zibaki nayo.

Chapa seti moja kwa ajili ya ofisi ya BMU au msikiti wa kijiji, maelezo ya kituo yakiwa nyuma ya kila picha, ili asiyekuwa na kamera kama yako aweze kusimama hapo hapo na simu yake msimu ujao wa kaskazi.